Muziki wa filamu na machozi ya mtoto

Jumamosi iliyopita watoto wa majirani walikusanyika kwangu kutazama filamu kwenye simu. Ndani ya filamu mwanamke alikuwa anapanda ngazi tu. Hapakuwa na bunduki wala damu. Lakini msichana wa miaka saba, ambaye familia yake ilikimbia vita milimani ikaja hapa Baraka, aliziba masikio na kulia. Nikazima sauti. Picha iliendelea ileile, naye akatulia.

Kilichomtisha ni muziki.

Watengenezaji wa sinema za Marekani wanaijua nguvu hiyo tangu zamani. Mwaka 1933 Max Steiner aliandikia filamu King Kong muziki wa orkestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa violini, filimbi, tarumbeta na ngoma, chini ya kiongozi mmoja kama wa kwaya zetu. Kinshasa pia iko orkestra hiyo, ya Kanisa la Kimbanguiste, tangu 1994. Mara nyingi sokwe yule mkubwa alikuwa sanamu ndogo ya kuchezeshwa. Muziki ndio uliompa uzito na huzuni.

Mwaka 1960, katika Psycho, Bernard Herrmann alitumia vyombo vya nyuzi peke yake. Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yaonyeshwe bila muziki. Aliposikia violini zile zikipiga kelele, akakubali ziwekwe.

Muziki huohuo huchekesha pia. Filamu Hatari!, iliyopigwa Tanganyika na kutoka 1962, ina tembo wadogo watatu wanaomfuata mwanamke kwenda kuoga. Henry Mancini aliwapa wimbo wa mwendo wa kitoto, na kila anayetazama hutabasamu.

Mama, ufanye nini nyumbani?

Usimcheke mtoto anayeogopa filamu, wala usimwite mwoga. Kaa naye. Zima sauti, umuulize: "Unaona nini?" Washa tena kidogo, umuulize: "Muziki unataka usikie nini moyoni?" Akijua kwamba kuna watu waliokaa na kupiga vyombo ili aogope, hofu inapungua. Lakini mtoto aliyesikia risasi za kweli, usimlazimishe. Filamu si chakula, anaweza kuikosa.

Msichana wetu nilimwonyesha tembo wale, sauti ikiwa imezimwa. Baadaye aliniomba mwenyewe: "Mwalimu, weka muziki."