Rangi za Moto Bila Methanoli

Januari 2014, mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari jijini New York alikuwa akionyesha jaribio linalopendwa sana: chumvi za metali hutiwa methanoli na kuwashwa, kila moja ikitoa mwali wa rangi yake. Mvuke wa methanoli ulilipuka moto. Wanafunzi wawili waliungua, mmoja vibaya sana. Wiki chache kabla ya hapo, Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilikuwa imetoa filamu ya kuonya juu ya jaribio hilohilo.

Kinachouma ni kwamba somo lenyewe halihitaji methanoli hata tone. Kijiti kilicholowekwa katika maji yenye chumvi ya shaba, kikipitishwa kwenye moto wa bunsen, hutoa kijani. Chumvi ya mezani hutoa njano, ya lithiamu nyekundu. Tathmini ya jaribio lolote ianzie hapo: mwanafunzi anatakiwa aone nini, na je, anaweza kukiona kwa hatari ndogo zaidi?

Kisha yaulizwe mabaki. Mwaka 1998 wanakemia Paul Anastas na John Warner waliandika kanuni 12 za kemia ya kijani, na ya kwanza yasema ni heri kuzuia taka kuliko kuisafisha baadaye. Katika titresheni, wanafunzi 40 wakipima sentimita za ujazo 25 za besi mara nne kila mmoja, humaliza lita 4, mbali na asidi. Wakitumia pipeti ya sentimita za ujazo 10, zinatosha lita 1.6, na hesabu ya moli ni ileile. Kwa shule inayohesabu kila shilingi ya maabara, hiyo ni nafuu kubwa.

Asidi na besi za kawaida za titresheni, zikishaondoana makali, humwagwa kwa maji mengi bila madhara makubwa. Risasi iliyomo katika baadhi ya chumvi za maabara sivyo. Ni sumu, haiozi, na ikipita kwenye sinki huenda kukaa kwenye udongo na maji. Mabaki yake yakusanywe katika chombo chenye mfuniko na lebo.

Wanaoanza kujifunza asidi na besi wanaweza kutumia kama kiashiria maji ya choya, ambayo ni mekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye besi.

Wakuu wa shule, kabla ya kuagiza kemikali za muhula ujao, kaeni na walimu wa maabara mpitie majaribio yenu moja baada ya jingine. Anzeni na yale yenye methanoli na risasi.