Baraza, Kiwanda na Sakafu ya Juu: Hukumu za Kukaa Nje katika Nyumba za Pwani



Anayejenga nyumba pwani hajengi vyumba peke yake. Joto la kaskazi humlazimisha atafute pa kupungia upepo, pa kupokea wageni baada ya alasiri, na pengine pa kulala usiku. Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameitaja nyumba kuwa ni mahali pa utulivu, na hiyo ni neema. Lakini utulivu wa mwenye nyumba hukutana na haki ya mpita njia na haki ya jirani, na hapo ndipo fiqhi inapoingia. Suala wanaloliuliza sana wajenzi ni hili: je, inafaa kujenga baraza ya mawe au saruji nje ya ukuta, juu ya njia ya watu?

Imepokewa na Abu Said al-Khudri (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba na kukaa njiani. Waliposema hawana budi na vikao vyao, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii tunaihubiri sana kwa upande wa ulimi na macho. Upande wa mawe na chokaa tunausahau.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) amelieleza jambo hili katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wanakijua vyema. Msomaji asipokuwa mwangalifu atadhani maneno yake yanapingana. Katika mlango wa kuhuisha ardhi anasema kuwa manufaa ya asili ya barabara ni kupita, lakini inajuzu kukaa hapo kwa kupumzika au kwa biashara maadamu wapitao hawabanwi. Wala haihitajiki ruhusa ya kiongozi. Mwenye kukaa anaweza hata kujifunika kivuli kwa mkeka. Kisha katika mlango wa sulhu anasema ni haramu kujenga dakka, yaani kikao kilichoinuliwa, au kupanda mti katika njia ya umma. Akataja kauli ya pili, iliyo dhaifu, kwamba inafaa ikiwa hakuna madhara.

Basi tofauti iko wapi? Mkeka hukunjwa jioni, ukuta haukunjwi. Wafafanuzi wa Minhaj wameeleza kuwa jengo likidumu muda mrefu mahali pale hufanana na milki ya mtu, na alama ya haki ya umma hupotea. Mjukuu atakuja kusema, "Hii ni baraza ya babu yangu," naye atakuwa mkweli kwa anavyojua. Baraza za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu ni jambo jingine. Zimekuwapo kabla yetu, na ni tabu kujua ipi ilijengwa ndani ya mpaka na ipi nje, hivyo sioni sababu ya kuzibomoa kwa dhana. Maneno yangu ni kwa anayechanganya saruji leo.

Huyo anao mfano mwema karibu naye. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, lenye vikao viwili vya mawe vinavyotazamana. Mgeni hukaa hapo akingoja idhini, kama ilivyoamrishwa katika Suratun Nur, aya ya 27. Ukipita mlango unaingia tekani, kisha kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu. Hewa na mwanga huingia kwa kiwanda bila dirisha kumwelekea jirani, na wanawake wa nyumba hupata mbingu yao bila kutazamwa. Wanaojenga sasa hukiondoa kiwanda ili wapate chumba kimoja zaidi, halafu hutoka kuutafuta upepo barabarani! Daka likiingizwa ndani ya mstari wa ukuta, na ua ukibakishwa kati, haja ya kujenga juu ya njia huondoka yenyewe.

Lamu pia kuna wikio, chumba kinachovuka juu ya uchochoro. Wanachuoni huita sabat. Katika njia inayopenya, sharti lake ni kiinuke kiasi cha mtu kupita chini akiwa wima. Wafafanuzi wameongeza, hata akiwa na mzigo kichwani. Uchochoro usiopenya una hukumu nyingine: ni wa wenye nyumba zake, na hutoki humo na kitu bila ridhaa yao.

Imebaki sakafu ya juu. Abu Daud amepokea onyo la Mtume (s.a.w.) kwa anayelala juu ya nyumba isiyo na kizuizi. Kuhusu kumchungulia jirani, wanachuoni wamekhitalifiana. Ibn Qudama, katika madhehebu ya Hanbali, amesema mwenye paa la juu zaidi hapandi akawa anaangalia la jirani mpaka ajenge sitara. Akanukuu kuwa kwa Imam Shafii sitara si lazima. Hata hivyo kutazama kwenyewe ni haramu kwa wote. Mwenye kuweza kuinua ukuta hadi kimo cha kifua, kwa nini awatwike wanawe mtihani wa macho kila jioni?

Kuna jambo moja tena ambalo mafundi hawalitaji. Roshani ya zamani ilishikwa na boriti. Ya leo ni zege na nondo, na chumvi ya bahari hupenya kwenye zege ikaozesha nondo ndani, pengine kwa muda bila dalili nje. Katika Minhaj, kinachoharibika kwa sababu ya kilichotokezwa barabarani hulipwa, hata kama kukitokeza kulikuwa halali. Hukumu hiyo inaligusa hata bomba la maji ya mvua, kwa kauli mpya ya Imam Shafii. Kwa hiyo aliyejenga roshani juu ya vichwa vya watu na aikague zege yake kila mwaka, na akiona ufa wenye rangi ya kutu awazuie watu kupita chini yake siku hiyo hiyo.

Wallahu a'lam.