Peni Haiogeshwi

Bibi yangu alikuwa na kopo la Kimbo ambalo mafuta yake yaliisha kabla sijazaliwa. Lilikaa darini juu ya meko, jirani na mahindi ya mbegu, likivuta moshi mwaka mzima. Krismasi ikikaribia alilishusha, akamwaga sarafu kwenye ungo, akazisugua moja moja kwa ndimu na majivu mpaka zikawaka kama vyombo vya altareni, kisha akazihesabu na kuzirudisha. Dukani hazikuwa na kazi. Nyingi zilikufa kama fedha mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Benki Kuu ya Tanzania kutoa shilingi yake na zile za mkoloni kuondolewa. Ukimwuliza za nini sasa, alijibu neno moja tu: "Za watu."

Jibu hilo nimelielewa ukubwani.

Kwetu Mpitimbi, wilayani Songea, hutamkuta mtu anayejiita mkusanyaji wa sarafu. Utawakuta wakulima wa mahindi, na wazee wanaokumbuka enzi za tumbaku ya moshi na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilichoanzishwa mwaka 1936, kile kilichoitwa NGOMAT. Lakini kopo lipo. Kama si kopo ni kibuyu, kama si kibuyu ni pindo la kanga kuukuu lililofungwa fundo na kusahauliwa sandukuni. Na kilichomo hakikuwekwa ovyo. Kila sarafu ina mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko kaburini miaka hamsini.

Kwanza majina, maana vijana wa leo ukiwatajia peni wanadhani unaomba kalamu. Peni ilikuwa senti kumi, sarafu pana ya shaba yenye tundu katikati, na pembe za ndovu zimelizunguka tundu hilo. Ndogo yake, senti tano, ndiyo ndururu. Nusu shilingi ni thumuni. Shilingi tano ni dala, na ndilo neno lililotuachia daladala. Zilizo chini kabisa ya kopo, nyeusi na nyembamba, ni heller za Kijerumani, ambazo Waswahili walizikata makali wakaziita hela. Dola la Kaiser lilikwisha, neno lake dogo likabaki mdomoni mwa kila muuza mchicha. Sijui kama kuna ushindi mwingine wowote walioupata huku ambao umedumu hivyo.

Maana fedha yenyewe ilikuja kwetu kwa kiboko. Utajiri wa Mngoni ulikuwa ng'ombe na watu. Rupia hakuwa na haja nayo. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ikaleta kodi ya nyumba, vijijini rupia tatu kwa kila nyumba, na tangu hapo mwanamume ikambidi aitafute sarafu hata kama hakuwa na kitu anachotaka kukinunua. Miaka saba baadaye ikaja Majimaji. Nkosi Mputa Gama na nduna Songea Mbano walinyongwa mwaka 1906, na makumbusho yao yako pale Mahenge, mjini Songea. Mtu akitoka kule akarudi nyumbani, akafungua kopo la bibi yake na kukuta rupia yenye sura ya Kaiser kavaa kofia ya chuma yenye tai juu, asidhani ameokota pambo. Ameshika risiti.

Waingereza walipochukua nchi, sarafu ikabadilika sura, safari ya kuitafuta ikawa ileile. Wanaume wa Songea walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba, wakakatiwa kipande cha siku thelathini. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Peni ya kwanza kwenye mpangilio wa bibi ilikuwa ile iliyobaki mfukoni mwa babu siku aliyorudi. Alikuwa ametumia zote njiani na kwenye nguo za kumvisha mkewe, na hiyo moja akampa mkononi, "ya kuonyesha nimerudi." Peni ya pili aliivaa baba yangu kiunoni, kwenye uzi, alipokuwa mchanga. Tundu lile watunga fedha walikuwa na sababu zao. Kina mama walikuwa na zao. Ya tatu ilitoka kwenye barua ya posa ya shangazi, ile fedha ya kubisha hodi ambayo mshenga huitanguliza kabla hajafungua mdomo. Ya nne walikuwa wamenyang'anywa Wahehe.

Hii ya nne inataka maelezo kidogo. Mngoni na Mhehe walipigana vita vikali karne ya kumi na tisa, na walipochoka kupigana wakawa watani. Msibani mtani ana mamlaka ambayo hata paroko hana. Anaweza kuushika mlango wa nyumba, anaweza kulala kando ya kaburi akagoma kuinuka, anaweza kusema marehemu alikuwa mwizi wa kuku, na hapo shughuli yote inasimama mpaka alipwe. Analipwa sarafu. Si kiasi kinachotakiwa, ni mlio wake kwenye sahani. Siku moja Mhehe mmoja aliyelipwa hivyo alilewa, bibi akaipata peni ileile kwa hila, akaiweka koponi kama nyara. Hadithi hiyo aliisimulia mara nyingi kuliko ya babu na mkonge.

Ngomani nako ilikuwa hivyo. Mchezaji wa lizombe akiwashika watu roho, mama mmoja anatoka akicheza, anambandikia sarafu kwenye paji la uso lililolowa jasho. Ikikaa, vigelegele. Siku hizi wanabandika noti, na noti inakaa bila ufundi wowote.

Sasa nije kwa mzee mmoja wa Dar es Salaam. Huyu ni mkusanyaji hasa, mtu wa lenzi na glavu za pamba, na nilimpelekea sarafu tano za bibi nikiwa na kiburi cha mtu aliyeleta almasi. Aliinua ya kwanza, akaishika ukingoni kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kipepeo, akaigeuza kwenye mwanga. Akashusha pumzi.

"Mwanangu, nani kaiogesha hii?"

Nikamweleza kuhusu ndimu na majivu. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama daktari anayesikiliza mgonjwa akitaja dawa za mitishamba alizokunywa. Kisha akanifundisha. Shaba ikitoka mtamboni ni nyekundu na ina mng'ao wake wa kuzaliwa, unaozunguka juu ya uso wa sarafu unapoinamisha. Hewa huibadilisha polepole iwe nyekundu yenye madoa ya hudhurungi, mwisho hudhurungi kabisa. Hatua zote tatu ni halali, ingawa ile nyekundu ndiyo inayolipiwa zaidi. Lakini ukiisugua, unaondoa ngozi. Inang'aa, ndiyo, ila kwa mng'ao wa sufuria, na hakuna fundi duniani anayeweza kuirudishia ule wa kwanza.

Wakusanyaji wana kipimo cha moja hadi sabini. Alikibuni Mmarekani William Sheldon, mwaka 1949, kwa ajili ya kupimia senti kubwa za shaba za nchi yake. (Baada ya kufa kwake ilithibitika kwamba senti nyingine alikuwa ameziiba kwenye hazina ya chama cha wataalamu wa sarafu, kwa kuchukua nzuri na kuacha mbaya mahali pake. Alikijua kipimo chake vizuri.) Sarafu iliyotumika haifiki sitini hata ikiwa nzuri namna gani. Sitini kwenda juu ni za zile ambazo hazijawahi kununua kitu. Na huko juu ndiko wazimu uliko: kati ya sitini na tano na sitini na saba jicho la kawaida halioni tofauti, ila bei inaweza kupanda mara nyingi, kwa sababu ya mkwaruzo mmoja mwembamba shavuni mwa mfalme.

Nikamtolea karata yangu ya mwisho, peni ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, yule aliyeacha kiti cha enzi Desemba ya mwaka huohuo. Nilikuwa nimesikia kwamba ni adimu. Mzee akacheka. Peni na ndururu za Edward zilipigwa kwa mamilioni, maana hazikuhitaji picha ya sura yake, jina lilitosha kuzunguka tundu. Mtu mwenye moja iliyochakaa ana kitu cha kupendeza kusimulia, na si zaidi. Mwenye moja nyekundu isiyoguswa ndiye mwenye mali. Hilo ndilo somo la sarafu zote za karibu na zama zetu: wingi wa kupigwa hausemi kitu, kinachohesabiwa ni ngapi zimebaki bila alama ya kidole.

Na hapo nikaona kichekesho. Chukua senti tano ya 1966, ile ya Nyerere upande mmoja na samaki sulisuli upande wa pili. Kila mtoto wa rika la baba yangu aliishika. Nani katika Mpitimbi nzima angeipokea ikiwa mpya, nyekundu, asiitumie? Angekuwa mwehu. Ilinunua pipi, ilianguka kwenye sahani ya sadaka, ilizungushwa sakafuni, ilipotea, ikaokotwa. Kipimo cha Sheldon kinaiadhibu kwa kila moja ya hayo. Kipimo cha bibi kilianzia hapohapo: sarafu isiyopita mkononi mwa mtu aliiita "ya bure," na hakuiweka koponi.

Sikubaliani kwa yote na bibi, wala na mzee wa Dar. Mzee yuko sahihi kwamba makopo yetu hayana sarafu za daraja la juu. Hizo zitafutwe kwenye seti maalumu zilizong'arishwa kwa ajili ya wakusanyaji mwaka 1966, au kwenye droo za watu waliorudi kwao Ulaya na chenji ya ukumbusho. Ukitaka kuanza leo, anza na zinazotembea. Sarafu ya shilingi 200 yenye Karume na simba ilianza mwaka 1998, jero la chuma (shilingi 500) lenye Karume na nyati likaja mwaka 2014. Omba mpya kwenye dirisha la benki, ishike ukingoni, itie kwenye kifuko cha karatasi isiyo na asidi au kikopo cha plastiki ngumu. Plastiki laini huacha ute wa kijani unaoila shaba. Haigharimu zaidi ya thamani yake, na miaka arobaini ijayo wajukuu wataamua.

Ila kuna watu wa tatu, nao si wa kukubaliana wala kutokubaliana. Ni wale wanaoingia vijijini kwa pikipiki wakiulizia "rupia ya Mjerumani" yenye nguvu, eti ikisogezwa karibu na mchele inauvuta. Anayetafutwa anaambiwa tajiri yuko mjini na mamilioni yake, bado kitu kidogo tu cha kumleta mtaalamu wa kupima. Kitu kidogo kinatolewa, kuku wanauzwa, mtaalamu haonekani. Wengine wanachimba chini ya mawe wakidai kuna hazina iliyofukiwa wakati wa vita. Rupia ya Mjerumani ni fedha na shaba kidogo. Haivuti mchele, haivuti hata sumaku. Sarafu ya Kijerumani yenye thamani kubwa kweli ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000, na mwenye nayo hahitaji punje ya mchele kuitambua.

Bibi alipofariki, watani walikuja. Mmoja alikaa ukingoni mwa kaburi akakataa kuondoka mpaka alipwe "kwa fedha ya marehemu mwenyewe." Shangazi akaingia ndani, akalishusha kopo, akatoa ile peni ya nyara. Mhehe aliigeuza, akaitambua kwa hadithi aliyokuwa ameisikia kwao, akacheka mpaka akalia. Akaondoka nayo.

Zilizobaki ninazo mimi. Sijazisugua hata mara moja, zimeanza kushika weusi tena, na nimeandika kwenye bahasha ya kila moja jina la mwenyewe. Wewe uliye na kopo darini kwenu, ndimu weka kwenye mboga. Na kama aliyelijaza bado yu hai, likizo hii lishushe, zimwage sarafu kwenye ungo mbele yake, umuulize kila moja ni ya nani.