Kumfunza Mwalimu Unasihi Bila Kumtoa Darasani

Kila mwalimu aliyewahi kuita mahudhurio katika shule ya msingi anaijua hali hii. Jina linaitwa, haliitikiwi. Wenzake wanajibu kwa niaba yake: "Hajaja, mwalimu." Kesho yake ni hivyo hivyo. Ikifika wiki ya pili daftari limejaa alama za utoro, na mwalimu anamwandikia mzazi barua. Barua hiyo ni ya lazima, lakini aghalabu huwa imechelewa. Siku ambayo mtoto alikuwa angali anakuja shuleni huku moyo wake umekwisha kuondoka, siku aliyokaa nyuma ya darasa bila kunyoosha mkono, ndiyo siku aliyohitaji mtu wa kumsikiliza.

Katika makala haya tutaeleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kufunzwa kazi hiyo ya kumsikiliza na kumwongoza mwanafunzi, yaani unasihi, huku akiendelea kufundisha. Mifano yetu tutaichukua kutoka Masasi na Newala, ambako walimu wanafunzi wengi watapangiwa kazi au wamekulia. Hata hivyo, yatakayosemwa yanaweza kutumika popote penye shule na watoto.

Maana ya unasihi

Katika mazungumzo ya kila siku, kumshauri mtu ni kumwambia la kufanya. Unasihi hauko hivyo. Unasihi ni kumsaidia mtu aione hali yake waziwazi, azipime njia zilizo mbele yake, kisha achague mwenyewe iliyo bora. Mnasihi hachukui mzigo wa mwanafunzi akaubeba yeye. Humsaidia kuutua, kuufungua na kuona kilichomo ndani.

Fikra hizi zina historia. Mwaka 1908 Frank Parsons alianzisha huko Boston, Marekani, ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Baadaye Carl Rogers, katika kitabu alichokitoa mwaka 1942, alisisitiza kwamba anayesaidiwa ndiye mwenye uwezo wa kupata ufumbuzi, maadamu anayemsaidia anamsikiliza kwa heshima na kwa moyo wa kweli. Hapa Tanzania, waraka wa elimu wa mwaka 2002 uliagiza huduma ya malezi na ushauri nasaha itolewe katika shule na vyuo vya ualimu. Agizo, hata hivyo, halimfanyi mtu kuwa mnasihi. Mwalimu anaweza kuteuliwa asubuhi moja katika kikao cha walimu, lakini masikio yake yakabaki yale yale ya jana.

Kwa nini afunzwe akiwa kazini?

Wako wanaodhani kwamba mafunzo ya kweli ni yale ya kwenda chuoni kukaa mwaka mzima. Kwa shule zetu nyingi jambo hilo ni gumu. Shule yenye walimu sita ikimtoa mmoja, darasa lake humwangukia mwingine ambaye naye ana la kwake. Lakini hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba unasihi ni ustadi, na ustadi huja kwa kutenda. Hakuna aliyejifunza kuogelea akiwa amekaa ukingoni akisoma kitabu.

Nchi yetu ina uzoefu wa kumfunza mwalimu akiwa kazini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977. Vyuo havingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi hivyo. Kwa hiyo maelfu ya vijana waliomaliza shule ya msingi walipewa madarasa, wakawa wanafundisha na papo hapo wanasoma, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na uangalizi wa wakufunzi. Mpango ule ulikuwa na upungufu wake, kwani wengi walianza wakiwa na elimu ndogo. Lakini uliacha fundisho moja kubwa: yale mwalimu aliyosoma leo aliweza kuyajaribu kesho mbele ya watoto. Siku hizi Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yajulikanayo kwa kifupi kama MEWAKA, nayo huwakutanisha walimu katika shule zao na katika vituo vya walimu. Unasihi unaweza kupata nafasi yake humo humo.

Mtoto wa Masasi na Newala

Mnasihi hana budi kuijua nchi ya mtoto anayemsikiliza. Masasi imezungukwa na vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikilitazama bonde la mto Ruvuma. Uwandani maji yamekuwa ya taabu tangu zamani, na kazi ya kuyatafuta huwaangukia zaidi akina mama na watoto wa kike. Zao kuu la biashara ni korosho, na msimu wake wa kuokota huingia katika miezi ya mwisho ya mwaka, wakati ule ule wa mitihani. Mvulana aliyeonja fedha ya korosho huanza kujiuliza faida ya kukaa darasani.

Kadhalika kuna jando na unyago. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa sehemu hizi, kumtia mtoto jandoni au unyagoni ni kumtoa katika utoto. William Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, aliutambua uzito wa desturi hizi. Badala ya kuipiga marufuku desturi ya jando, alijaribu kuiendesha chini ya mwongozo wa Kanisa. Tukubaliane naye au tusikubaliane, alijua kwamba huwezi kumlea mtoto kwa kujifanya huoni mahali alikolelewa kwanza.

Mwalimu anaweza kujifunza mengi kwa makungwi na masomo. Kungwi hamfundi mwali mbele ya kijiji kizima, humfundia faraghani. Maneno ya ndani hayatoki nje. Na somo haachani na mwali wake siku ngoma inapokwisha, bali hubaki kuwa mtu wa kukimbiliwa miaka mingi baadaye. Faragha, siri na kudumu: hizo ndizo nguzo tatu za unasihi, na wazee wetu walizijua kabla ya vitabu.

Lakini mnasihi aone pia penye hatari. Msichana wa Darasa la Tano aliyetoka unyagoni anaweza kuambiwa amekuwa mtu mzima, na wakatokea wanaume wa kumchukulia hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, awe amechezwa au hajachezwa. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Na tangu Novemba 2021, Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa ajili ya ujauzito warejee masomoni baada ya kujifungua. Mnasihi asiyeyajua haya atampa mtoto pole tu, na pole peke yake haimrudishi mtoto darasani.

Tofauti ya walimu wawili

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kike wa Darasa la Sita amesinzia darasani siku tatu mfululizo. Mwalimu wa kwanza anapaza sauti: "Wewe, usiku unafanya nini hata uje kulala hapa?" Darasa linacheka. Mtoto anafumbua macho, lakini mdomo wake umefungwa kwa mwaka mzima.

Mwalimu wa pili anangoja saa ya mapumziko, anakaa naye chini ya mwembe, mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona siku hizi unachoka. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mwalimu."

Mwalimu hasemi neno. Anangoja.

"Ila bibi anaumwa."

"Bibi anaumwa."

"Ndiyo. Naamka alfajiri kuchota maji, halafu nampikia uji. Na wadogo zangu nawaogesha mimi."

"Kwa hiyo unafika hapa ukiwa umekwisha kufanya kazi ya mtu mzima. Wewe mwenyewe umefikiria nini?"

"Mama mdogo yuko Mahuta. Angejua angekuja. Lakini hakuna wa kumpelekea habari."

Hebu tuyatazame mazungumzo haya. Mwalimu hakutoa shauri hata moja. Alingoja, alirudia maneno ya mtoto ili ajue kwamba amesikika, kisha akauliza swali moja. Ufumbuzi ulitoka kwa mtoto, nao ni bora kuliko wowote ambao mwalimu angeubuni, kwani mwalimu hakujua kuwa yuko mama mdogo Mahuta. Kilichobaki kwake ni kusaidia habari ifike.

Mpango wa mafunzo

Mazungumzo kama hayo huonekana mepesi, lakini kunyamaza wakati unapotamani kusema ni kazi ngumu kwa mwalimu, ambaye riziki yake ni kusema. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mafunzo yagawanywe katika mikutano midogo midogo. Walimu wa shule za jirani, mume na mke kutoka kila shule ikiwezekana, wakutane katika kituo cha walimu mara moja kila baada ya wiki mbili, kwa saa tatu, katika muda wa mihula miwili. Kila mkutano ushughulikie ustadi mmoja tu: kusikiliza, kuuliza, kutunza siri, kuzungumza na mzazi, kutambua dalili za mtoto anayeteswa, na kumpeleka mtoto kwa mwenye uwezo zaidi.

Njia bora ni maigizo ya watu watatu. Mmoja awe mwanafunzi, wa pili mnasihi, na wa tatu mtazamaji anayeandika aliyoyaona, kisha wabadilishane. Lakini moyo wa mafunzo haya hauko katika mikutano. Uko katika zile wiki mbili za katikati. Mwalimu arudi shuleni akiwa na jambo moja la kujaribu, kisha aje kuwaeleza wenzake lilivyokwenda, bila kutaja jina la mtoto wala kitambulisho chochote. Akishindwa, kushindwa kwake ni somo la mkutano mzima. Mwalimu aliyeko chuoni mwaka mzima hapati nafasi ya kukosea na kurekebishwa kwa namna hiyo.

Siri na mipaka yake

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa wapya kazini katika shule moja ya kijiji, msichana mmoja alitueleza jambo la nyumbani kwao. Tulilisema katika chumba cha walimu, si kwa ubaya, bali kwa kutafuta mawazo. Jioni lilikuwa limefika kisimani. Msichana yule hakurudi shuleni, na barua zetu zote hazikumrudisha. Hakuna aliyetufundisha kwamba siri ya mtoto si habari ya kujadiliwa.

Hata hivyo, siri ina mpaka. Ikiwa uhai au usalama wa mtoto uko hatarini, mnasihi hawezi kunyamaza. Kwa hiyo asimwahidi mtoto kamwe kwamba hatamwambia mtu yeyote. Amwambie hivi: "Nitaitunza siri yako, lakini nikiona uko hatarini, tutamtafuta pamoja mtu wa kutusaidia." Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu mkuu, ofisa ustawi wa jamii, mganga katika kituo cha afya, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kuna pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Sikio na fimbo

Liko swali ambalo kila mwalimu mnasihi hukutana nalo: mtoto atamfunguliaje moyo mtu aliyemchapa jana? Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko haizidi vinne, na hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Ushauri wetu ni kwamba mwalimu mnasihi asiwe miongoni mwa walioidhinishwa. Hii haina maana kwamba atayafumbia macho makosa. Maana yake ni kwamba katika kila shule awepo angalau mtu mzima mmoja ambaye mtoto anaweza kumwendea bila kuutazama kwanza mkono wake.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, huna haja ya kungoja mafunzo hayo yafike ndipo uanze. Utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, chagua katika daftari la mahudhurio mtoto mmoja ambaye alama zake za utoro zimeanza kuongezeka. Usimwite mbele ya wenzake. Mtafute saa ya mapumziko, msalimie, muulize hali ya nyumbani, kisha ufanye lile ambalo walimu huona gumu kuliko yote: nyamaza, umsikilize.