Sura ya Nne Isikumalize Fedha

Ukiwa na madodoso mezani na tarehe ya kuwasilisha tasnifu inanyemelea, utatajiwa bei mbili. Moja ni ya kununua programu ya takwimu. Nyingine ni ya kumlipa mtu akufanyie kazi nzima ya sura ya nne, ile ya matokeo, kuanzia kuingiza data mpaka kuandika maelezo chini ya majedwali. Ipo na njia ya tatu isiyo na bei, ila haina dalali, kwa hiyo huisikii ikitangazwa.

Tuanze na programu, maana ndiyo inayowatisha wengi, na kumbe ndiyo gharama rahisi kuliko zote kuikwepa.

SPSS ilianza mwaka 1968 nchini Marekani, na hadi leo vyuo vingi vya huku kwetu hufundishia mbinu za utafiti kwayo. Unabofya, jedwali linatoka. Leseni halali hulipiwa kwa fedha za kigeni na kwa muda maalumu, na hapo ndipo makato yanapojificha. Benki itabadilisha shilingi zako kwa kiwango inachokitaka yenyewe, na huenda ikaongeza ada ya malipo ya nje. Leseni ya mwanafunzi ina tarehe ya mwisho, na marekebisho ya msimamizi hayana. Tena programu hii huuzwa kwa vipande: kifurushi cha msingi kinaweza kukosa uchambuzi uleule unaouhitaji, kwa mfano regresheni ya lojistiki. Uliza kabla ya kulipa. Ukishalipa, usiiwashe leseni mpaka data iwe imeingizwa na kusafishwa. Hakuna sababu ya kulipia miezi ya kuandika namba.

Stata nayo ni ya kulipia, na ina nguvu hasa kwa data za tafiti kubwa za kaya. Hapa jihadhari na kuuziwa toleo kubwa usilolihitaji. Toleo dogo lina kikomo cha vigeu 2,048. Dodoso la maswali 60 halitafika huko hata ukiligawa vipi.

Kabla ya kutoa hata senti, nenda maabara ya kompyuta ya chuo chako ukaulize kama programu imo tayari. Ikiwa imo, gharama yako ni nauli na foleni tu.

Ile iliyochakachuliwa, inayowekwa kwa bei ya soda kwenye steshenari za karibu na chuo, iache. Fundi akikuambia uzime kwanza kinga ya virusi ndipo aiweke, chukua kompyuta yako uondoke. Kompyuta hiyo ndiyo ina tasnifu, data na huenda nakala pekee ya vyote viwili.

Sasa zile za bure. PSPP imeundwa ifanane na SPSS na inafungua mafaili yake. Haina leseni ya kuisha. Sura yake ni ya kizamani na uchambuzi fulani wa juu haumo, lakini asilimia, wastani, kai-mraba, kipimo cha t, uwiano na regresheni ya kawaida vyote vimo. JASP, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na jamovi ni nyepesi kwa macho na majedwali yake yanaingia kwenye Word bila kuvurugika. R, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland miaka ya 1990, ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote hizi, ila unaandika amri badala ya kubofya, na mtu mpya atahitaji wiki kadhaa kabla haijaanza kumtii.

Uamuzi wangu: mgeni wa takwimu achukue jamovi au JASP. Aliyezoea SPSS darasani achukue PSPP. R ni ya anayetaka kuifanya kazi hii kuwa riziki yake. Zipakue ukiwa kwenye intaneti ya chuo, kwa sababu baadhi hufika MB mia kadhaa na zitakula bando. Zikishakuwa ndani ya kompyuta hazihitaji mtandao tena.

Msimamizi akisema lazima iwe SPSS, muulize kwa adabu kama ni kanuni ya chuo au ni mazoea yake. Kai-mraba ya data ileile hutoa jibu lilelile kokote. Taja tu jina la programu na toleo lake kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu.

Na Excel? Kwa kuingiza data inatosha sana. Kwa uchambuzi wenyewe, sikushauri. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, wakaonyesha kuwa uchumi wake kwa wastani husinyaa kwa asilimia 0.1. Hoja hiyo ilitumiwa na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alilipata faili lao na kulirudia zoezi. Fomula ya wastani ilikuwa imeruka nchi tano. Kosa hilo pamoja na hitilafu nyingine za kuchagua miaka na kuipa uzito vilipoondolewa, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Lahajedwali huficha kosa ndani ya seli. Programu inayohifadhi amri zako hukuachia njia ya kurudi kulitafuta.

Gharama kubwa zaidi huamuliwa kabla ya kompyuta kufunguliwa: watu wangapi utawahoji. Wengi hutumia fomula ya Yamane. Kwa kata yenye kaya 2,000, ukikubali kosa la asilimia 5 unapata kaya 333. Ukikubali asilimia 10 unapata 95. Tofauti hiyo ni nauli, posho za wasaidizi na siku za kazi zaidi ya mara tatu. Ila usikimbilie 95 kwa pupa. Ukiwagawa watu hao kwa jinsia, kisha kwa elimu, baadhi ya visanduku vya jedwali vitabaki na watu wawili watatu, na kai-mraba hutaka matarajio ya angalau watano katika visanduku vingi. Kama swali lako ni asilimia moja ya jumla, 95 inaweza kukufaa. Kama ni kulinganisha makundi, nunua sampuli kubwa na upunguze maswali.

Karatasi au simu? Tupige hesabu. Dodoso la kurasa 6, nakala 300, kwa shilingi 100 kwa ukurasa, ni shilingi 180,000. Hiyo ndiyo bei unayoiona. Usiyoiona ni kuingiza: maswali 40 mara madodoso 300 ni majibu 12,000 ya kuchapa kwa mkono, na mkono hukosea. Watu makini huingiza mara mbili, kisha hulinganisha mafaili mawili. Yaani ukilipa mtu, unalipa mara mbili.

Kwa simu, programu kama KoboToolbox au ODK hukuwezesha kutengeneza dodoso, kuhoji bila mtandao na kutuma baadaye ukifika penye mawimbi. Huduma ya bure ya Kobo ina ukomo wake, lakini utafiti wa tasnifu kwa kawaida hauufikii. Faida kubwa ni kwamba simu inakataa upuuzi. Ukiandika mtu ana miaka 250, inagoma. Asiye na watoto haulizwi watoto wanasoma wapi. Namba za majibu umeziweka tangu mwanzo, kwa hiyo kuingiza data hakupo.

Ubaya wake: chaji, bando la kutuma, na simu kuibiwa kabla hujatuma. Wapo pia wahojiwa wanaoiona simu mkononi mwako wakadhani unawarekodi. Kama una wasaidizi watatu wenye simu zao za kawaida, chagua simu, weka benki ya chaji moja kwa kila wawili na utume kila jioni. Kama wahojiwa wanajaza wenyewe darasani au ofisini kwa saa moja, karatasi bado ni nafuu.

Sasa tufike panapokula fedha kimyakimya: kuyapa majibu namba.

Kabla dodoso halijachapwa, andika kitabu cha misimbo. Ni kurasa mbili tatu tu: kila swali na jina lake fupi, kila jibu na namba yake. Hakuna cha kununua, ni mchana mmoja. Usipokiandika, msaidizi mmoja ataandika “Me”, mwingine “M”, wa tatu “mwanaume”, na programu itahesabu jinsia tatu kabla hujafika kwa wanawake.

Umri uandike kwa miaka, usiweke makundi. Kutoka kwenye miaka unaweza kutengeneza makundi yoyote msimamizi atakayoyataka. Kutoka kwenye “18 hadi 35” huwezi kurudi nyuma, labda uende tena kijijini.

Swali lenye majibu mengi, kama “Unapata habari kupitia nini?”, lipe kila jibu safu yake: 1 kama kataja, 0 kama hakutaja. Ukiruhusu “1,3” ndani ya seli moja, utalipa mtu aje kuzitenganisha.

Halafu kuna wasiojibu. Desturi ni kuwapa 99. Ni sawa, mradi uiambie programu kuwa 99 maana yake hakuna jibu. Ukisahau, itahesabiwa kama namba halali. Chukua watu 200, ambao 190 kati yao kaya zao kwa wastani zina watu 5, na 10 hawakujibu. Wastani wa kweli ni 5. Ukisahau kuitangaza 99, unapata 9.7, na ripoti yako inasema familia za kata hiyo ni karibu maradufu ya zilivyo. Programu haitapiga kelele, na mchambuzi wa kulipwa mwenye haraka hatagundua.

Mtego mwingine uko kwenye maswali ya kukubali na kukataa, 1 hadi 5. Tuseme swali moja linasema “Huduma ya zahanati inaridhisha” na jingine “Wahudumu wanatukawiza bila sababu”. Anayeipenda zahanati atapata 5 kwa la kwanza na 1 kwa la pili. Lazima la pili ligeuzwe kwa kutoa alama yake kutoka 6. Usipogeuza, alfa ya Cronbach, ambayo watahini wengi hutaka ifike 0.7, itaanguka. Hapo utashauriwa ufute maswali mawili matatu ili ipande. Unatupa data uliyoigharimia nauli, kumbe ilihitaji amri moja tu.

Maswali ya wazi ndiyo ghali kupita yote. Jibu la kila mhojiwa lisomwe, lipangiwe kundi, kisha mtu wa pili apange baadhi yake upya ili kuona kama mnakubaliana. Kipimo cha makubaliano hayo huitwa kapa ya Cohen. Ukiwa na maswali matano ya namna hiyo kwa watu 300, ni majibu 1,500 ya kusoma. Bakisha moja au mawili. Mengine yajaribu kwanza kwa watu 20 au 30, tazama wanajibu nini, kisha yageuze yawe ya kuchagua, na mwishoni weka “nyingine, taja”.

Kuhusu mchambuzi wa kulipwa. Bei yake hutajwa kwa sura nzima, na ndiyo inayovutia. Uliza vilivyobaki nje. Kuingiza data huhesabiwa kwa dodoso? Maswali ya wazi yana bei yake? Msimamizi akirudisha kazi, marekebisho ni bure mara ngapi? Malipo yatolewe kwa awamu, na kabla ya awamu ya mwisho akukabidhi vitu vitatu: data safi, kitabu cha misimbo, na faili la amri alizotumia. Akikupa majedwali ya Word peke yake, utarudi kwake kila swali jipya linapozuka, na kila kurudi kuna bei.

Usimpe majina wala namba za simu za wahojiwa. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, na aliyeahidi usiri kwa wahojiwa ni wewe. Na akijitolea kukujazia madodoso yaliyopungua, achana naye siku hiyohiyo.

Gharama yake kubwa hutokea mbele ya watahini. Utaulizwa kwa nini ulitumia kai-mraba na si kipimo cha t, naye hatakuwa chumbani. Kwa fedha hiyohiyo, au pungufu, mlipe mtakwimu kwa saa chache mara mbili: akupitie dodoso kabla hujaenda uwandani, na akae nawe data ikiwa safi mchague vipimo. Kubofya utabofya mwenyewe.

Ikiwa bado hujakusanya chochote na mfuko umekauka, fikiria data za watu wengine. Afrobarometer huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa kila nchi kuhusu siasa, uchumi na maisha, na data zake hupakuliwa bure. Utafiti wa kaya ulioanza kufuatilia familia zilezile Tanzania mwaka 2008/09 unapatikana kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia kwa kujisajili tu. Hulipi nauli wala posho, na sampuli ni kubwa kuliko yoyote utakayoimudu. Unachokosa ni uhuru wa maswali: yaliyoulizwa ndiyo hayo hayo, kwa hiyo mada yako ndiyo itakayosogea. Hakikisha kwanza chuo chako kinaruhusu. Pakua kitabu cha misimbo siku moja na data, na humo tafuta safu ya uzito. Tafiti hizi mara nyingi huhoji maeneo fulani kwa wingi kuliko idadi yao halisi, na uzito ndio unaorekebisha. Ukiuacha, asilimia zako hazitalingana na za ripoti rasmi, na mtahini mwenye ripoti hiyo mezani ataliona hilo kwenye jedwali la kwanza.