Nani Mkali wa Muda Wote, Kambarage Mpaka Nyankumbu?

Zama kijiwe chochote cha boda pale stendi ya Shinyanga, au kaa na wana wa mwaloni Katoro wakipumzika pembeni ya karasha la mawe ya dhahabu, halafu tupia swali moja tu: nani mkali wa muda wote wa soka la huku kwetu? Mishe zinasimama hapo hapo. Mmoja anakutajia Mpole, mwingine anaruka na Kitenge, msela wa Kishapu anakaza shingo na Mdamu, na kuna mzee atawaambia nyote mmezaliwa juzi. Ubishi huu naupenda kinoma, na leo natoa ya kwangu.

Tuelewane mipaka kwanza. Naongelea timu tatu, kuanzia uwanja wa Kambarage Shinyanga mpaka Nyankumbu Geita: Stand United, Mwadui na Geita Gold. Stand walitinga Ligi Kuu msimu wa 2014/15, Mwadui wakafuata msimu wa pili yake, Geita wakaja 2021/22. Zote zimeshuka: Stand 2019, Mwadui 2021, Geita 2024. Ni miaka kumi tu hiyo, lakini ndani yake kuna mambo ambayo timu za mjini zinayakumbuka mpaka leo. Enzi za wazee siziingizi. Wale wana haki ya orodha yao, waipange waliowaona kwa macho.

Sheria yangu ni moja, jezi ya kwetu. Namhesabia mchizi kile alichofanya akiwa mchezaji wa Stand, Mwadui au Geita, hata kama ni kwa kuitwa Taifa Stars. Alichokifanya Jangwani, Msimbazi au Ulaya ni mali ya huko. Wamarekani wanalijua hili vizuri. Vyuo vyao vinacheza ule mpira wao wa kubeba mkononi kwa makundi ya kanda, na mashabiki wanabishana kila mwaka nani alikuwa mkali zaidi kwenye kanda yao. Tom Brady amebeba Super Bowl, taji kubwa la mpira huo, mara 7, hakuna mchezaji aliyewahi kumfikia. Lakini alipotoka chuo cha Michigan mwaka 2000, timu za kulipwa zilichagua watu 198 kabla yake. Ukipanga wakali wa kanda ya Michigan, Brady hakai juu, kwa sababu ukali wake ulikuja baadaye, kwingine. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwa sheria hiyo majina makubwa yanadondoka mapema. Nizar Khalfan alikipiga mpaka Vancouver kule Kanada, Jerry Tegete ni jina zito Yanga, na wote wamepita Mwadui ya kocha Julio. Heshima kwao, ila ukali wao hatukuushuhudia sisi. Saido Ntibazonkiza naye alianza msimu wa 2022/23 akiwa Geita, dirisha dogo akasepa Simba, mwisho wa msimu akagawana kiatu cha mfungaji bora na Fiston Mayele wa Yanga, mabao 17 kila mmoja. Nusu msimu haitoshi kukuingiza kwenye orodha yangu, hata uwe fundi kiasi gani.

Sasa tuje kwa George Mpole wa Geita Gold, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2016 Geita Gold walikuwa wameaibika. Walimpiga JKT Kanembwa 8-0 kwenye Daraja la Kwanza, TFF ikasema matokeo yamepangwa, wakashushwa pamoja na timu nyingine tatu. Kitaa kizima kilinyong'onyea. Mji unaotoa dhahabu kila siku, na timu yake inatajwa kwa aibu. Ilibidi waanze kupanda ngazi upya, na ilichukua miaka mitano mpaka kuiona Ligi Kuu.

Halafu msimu wao wa kwanza tu, chini ya Fred Felix Minziro, Mpole anaibuka mfungaji bora wa Tanzania. Mabao 17. Fiston Mayele, na Yanga yote ile iliyobeba ubingwa nyuma yake, akaishia 16. Mbio zile zilikwenda mpaka siku ya mwisho ya ligi. Vibanda umiza vya Geita mjini vilikuwa vinapumua kwa pamoja, watu wanafuatilia mechi mbili kwa mpigo, sikio moja kwenye redio. Timu ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Na Juni mwaka huo huo wa 2022, Taifa Stars ilipocheza na Niger kule Cotonou, Mpole alitikisa nyavu mapema kabisa, mechi ikaisha 1-1. Baadaye Lupopo ya Kongo wakambeba. Acha aende, alichotuachia kinatosha. Kwangu huyu ndiye namba moja, na bado sijasikia hoja ya kumtoa.

Shinyanga mjini stori ni nyingine. Stand United ni timu ya watu wa stendi, wapiga debe, makonda na madereva, ndiyo maana inaitwa Chama la Wana. Msimu wa kwanza tu Mnaijeria Chidiebere aliwafungia mabao zaidi ya 10, watu wakaanza kuitazama Stand kwa adabu. Kampuni ya madini ya Acacia ikaweka mkwanja mwaka 2015, kocha Mfaransa Patrick Liewig akatua, na ghafla watu wa stendi wakawa na timu yenye maisha. Mzuka ule haukudumu. Wanachama na upande wa kampuni wakaingia kwenye mzozo, mdhamini akajitoa, na mpaka leo hiyo inaniuma, kwa sababu kikosi kile kilikuwa na Elias Maguli.

Wengi wanamsahau Maguli, na mimi sielewi kwa nini. Novemba 2015 Algeria walikuja Dar kutafuta njia ya kwenda Kombe la Dunia. Aliyewatungua wa kwanza alikuwa straika wa Stand United. Bao la pili likawa la Mbwana Samatta, ambaye wiki moja nyuma alikuwa amebeba Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe. Algeria wakasawazisha, 2-2, na marudiano kwao tulipigwa 7-0, hiyo haifichwi. Ila fikiria wafungaji wa Stars jioni ile: mmoja bingwa wa Afrika, mwingine anatoka kwa wapiga debe wa Shinyanga.

Alex Kitenge, Mrundi, alikinukisha kwa namna yake. Septemba 2018 Stand walimfuata Yanga uwanja wa Taifa, na jamaa akapiga tatu peke yake. Tatu! Kwa Yanga, kwake, mbele ya watu wake. Mechi ikaisha 4-3 Yanga wakishinda, lakini wana walirudi Shinyanga vifua mbele.

Halafu kuna wale wa siku moja. Kambarage ni uwanja mgumu kwa wageni, vumbi na jua la mchana vinawachosha kabla ya filimbi. Pastory Athanas aliitungua Yanga pale 2016, moja bila, haukupita muda Simba wakamchukua. Januari 2019 Jacob Massawe akawafanya Yanga hivyo hivyo dakika za lala salama, nao walikuwa hawajafungwa na mtu msimu ule. Mabao kama haya yanakaa midomoni mwa watu miaka na miaka. Siyadharau, ila bao moja bila msimu wa kuliunga mkono linakupa heshima ya kijiwe tu. Nafasi tatu za juu zinataka zaidi ya hapo.

Gerald Mathias Mdamu anavuka mstari huo. Mwadui ni timu ya mgodi wa Williamson, wa almasi iliyogunduliwa mwaka 1940, na kwa miaka sita ya Ligi Kuu waliishi kwa kubana matumizi na kukaza. Oktoba 30, 2019 Simba walikuja Kambarage hawajapoteza mechi. Mdamu akawafunga, 1-0, kipigo chao cha kwanza msimu ule. Hakuishia kwenye bao hilo, akaendelea kupambana mpaka akasajiliwa Polisi Tanzania. Julai 2021 basi la timu hiyo likapata ajali Moshi, Mdamu akaumia vibaya miguu yote miwili. Straika, miguu yote miwili. Nikikumbuka bao lile dhidi ya Simba naona kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anachanganya.

Kuna kitu kinanikera kwenye orodha yangu mwenyewe: wote ni wafungaji. Mwadui ilikuwa na kipa Shaaban Kado, Stand na Geita zilikuwa na mabeki waliokabana na kila straika wa nchi hii, lakini kijiwe kinakumbuka nyavu tu. Bao lina tarehe na jina. Mpira uliookolewa kwenye mstari hauandikwi popote, na kipa anasahaulika kabla basi la wageni halijafika Nzega. Mwenye kumbukumbu za vikosi vile, hata kwenye daftari la shule, azilete kijiweni tuongeze majina.

Mpaka hapo zitakapokuja, mpangilio wangu ni huu. Mpole wa kwanza. Maguli wa pili, kwa mabao ya ligi aliyoifungia Stand na lile la Algeria. Wa tatu ndiye anaumiza kichwa, Kitenge au Mdamu. Wana wa stendi watanifuata na pikipiki, lakini mabao matatu ya Kitenge yalirudi Shinyanga na pointi sifuri. La Mdamu lilikuwa moja, likaleta tatu. Naenda na Mdamu.