Tarehe Tatu za Marejeo ya Mtandaoni

Tarehe 22 Mei 2020, jarida la The Lancet lilichapisha mtandaoni makala iliyodai kwamba wagonjwa wa UVIKO-19 waliopewa haidroksiklorokwini walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Siku chache baadaye, Shirika la Afya Duniani lilisitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Kwa kuwa takwimu zilizotumika hazikuweza kuhakikiwa na wataalamu huru, makala hiyo ilibatilishwa tarehe 4 Juni. Majaribio makubwa yaliyofuata yalionesha kuwa dawa hiyo haikuwafaa wagonjwa waliolazwa. Hata hivyo, makala ile haikuwa ushahidi wa kutegemewa.

Makala iliyobatilishwa haifutwi mtandaoni, bali hupigwa alama. Nakala iliyopakuliwa kabla ya tarehe hiyo haina alama yoyote. Ndiyo maana rejeo la mtandaoni lisilo na tarehe halimsaidii msomaji kujua kilichosomwa.

Mtindo wa Vancouver, unaotumiwa sana na majarida ya tiba, hutaka jina la mwandishi au taasisi, kichwa cha andiko, mchapishaji na anwani kamili ya ukurasa. Pamoja na hayo huwekwa tarehe tatu: ya kuchapishwa, ya kuhuishwa ikiwa ipo, na ya kusomwa. Mfano ni mwongozo wa malaria wa Shirika la Afya Duniani. Ulikusanywa pamoja na kutolewa mtandaoni mwaka 2021, na tangu hapo umehuishwa zaidi ya mara moja. Anayeandika tu kwamba amefuata mwongozo huo hajasema ni toleo lipi.

Anwani za tovuti nazo hubadilika. Makala ya kitaaluma ikiwa na namba ya utambulisho ya DOI, inayoanza na tarakimu 10, iandikwe, kwani namba hiyo hudumu hata ukurasa unapohamishwa. Kabla ya kukamilisha orodha ya marejeo, fungua upya kila kiungo na uangalie kama andiko limesahihishwa au kubatilishwa.

Nawe mgonjwa, upokeapo kipeperushi au ujumbe wa simu kuhusu dawa, uliza: nani ameandika, lini, na chanzo chake ni kipi? Majibu yakikosekana, usiache wala kuanza dawa kwa sababu ya ujumbe huo. Upeleke kituoni, mhudumu wako auchunguze pamoja nawe.